'Sadma': Picha la Kihindi lililonisuta hadharani

Mpenzi msomaji, leo naomba tuongee kuhusu picha la Kihindi. Najua wengine mmeshaanza kucheka. Hapa mjini mtu akikuletea stori isiyoingia akilini unamwambia, “Acha picha la Kihindi wewe!” Maana kule stelingi anapigwa risasi nne halafu anainuka kuimba, na ndugu waliopotezana utotoni wanatambuana kwa wimbo mmoja tu. Mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wa wachekaji wakubwa. Mpaka likanikuta.

Sikia basi ilivyokuwa.

Hapa kwetu Kamunyonge, Musoma, kuna kibanda cha video ambacho ndicho kijiwe chetu. Mabenchi ya mbao, pazia jeusi mlangoni, na joto ile mbaya hata kama nje upepo wa ziwani unapuliza. Kiingilio shilingi mia tano. Mwaka jana, siku moja ya mvua, tulijazana mle kuangalia mpira wa Ulaya. Kabla hata ya mapumziko, dishi likagoma. Mwenye kibanda, mzee ambaye hajawahi kumrudishia mtu hela tangu azaliwe, akachomeka DVD moja imechubuka kama goti la mtoto.

“Tulieni wanangu,” akasema. “Nawawekea picha la marehemu Sridevi.”

Zogo likaanza. Mmoja akapiga kelele, “Mzee, kama ni la Kihindi tuwekee Kuch Kuch Hota Hai!” Mwingine akataka la ngumi. Wengine wakatoka zao na mvua ile ile. Mimi nilibaki kwa sababu mbili: sikuwa na mwamvuli, na mia tano yangu ilishaliwa.

Picha lenyewe linaitwa Sadma. Lilitoka mwaka 1983, kabla hata mimi sijazaliwa. Aliyelitengeneza ni Balu Mahendra, na wanaocheza ni Kamal Haasan na Sridevi. Mwaka mmoja kabla, yaani 1982, Mahendra alikuwa amelitengeneza kwa lugha ya Kitamil likiitwa Moondram Pirai, na watu hao hao wawili ndio walioigiza. Kule kwa Watamil lilimpatia Kamal Haasan tuzo ya taifa ya mwigizaji bora wa India. Lakini lilipoletwa kwa Kihindi, wapi! Halikuuza. Watu walikuwa na Sridevi mwingine mwaka huo huo, yule wa Himmatwala na Jeetendra, anayecheza muziki na kumetameta. Huyo ndiye aliyejaza majumba ya sinema. Huyu wa Sadma, asiyepakwa rangi nyingi, anayelialia na kucheza na kitoto cha mbwa, akawekwa pembeni.

Hata leo, waulize vijana wa mjini wakutajie mapicha ya mapenzi ya Kihindi. Watakutajia ya Shah Rukh Khan mpaka vidole viishe. Sadma hutaisikia. Na mimi nasema, bila kuogopa kuzomewa, kwamba katika yote niliyoyaona hilo ndilo la mapenzi kuliko yote. Ngoja nikupe stori kwa kifupi, halafu utanihukumu.

Msichana anaitwa Nehalata. Mtoto wa watu wenye nazo. Anapata ajali ya gari, anaumia kichwa, na akizinduka akili yake imerudi utotoni. Mwili wa mwanamke, akili ya mtoto mdogo. Hawajui hata wazazi wake. Anaangukia mikononi mwa watu wabaya na kuishia kwenye danguro. Huko ndiko anakokutana na Somu, mwalimu wa shule aliyepelekwa na rafiki yake kustarehe. Somu akiingia chumbani anagundua kwamba aliyeletewa si mwanamke wa starehe, ni mtoto. Basi anafanya mpango, anamtorosha, na kumpeleka kwake Ooty, mji wa milimani kusini mwa India, kwenye baridi na ukungu.

Kule anamlea. Namaanisha kulea kweli: anampikia, anamchana nywele, anamwimbia wimbo wa kumbembeleza alale. Wimbo huo kauimba Yesudas na muziki ni wa Ilaiyaraaja. Nakuambia hata wale waliotaka la ngumi walinyamaza. Sridevi naye ana kitoto chake cha mbwa anakiita Hariprasad. Anaharibu vitu, ananuna, anaogopa, anacheka. Somu yupo tu.

Hapo kibandani mjadala ukaanza kama kawaida yetu.

“Huyu jamaa mjinga,” akasema dereva wa bodaboda mmoja niliyekaa naye benchi moja. “Yuko ndani na kisura kama huyo, usiku na mchana, halafu anamwimbia wimbo wa watoto?”

“Ndiyo uanaume huo, mura,” akajibu mzee wa kibanda. “Wewe ungemfanyaje, mtu mwenye akili ya mtoto?”

Bodaboda akakosa jibu. Dada mmoja muuza dagaa, ambaye alijibanza mlangoni kukwepa mvua, akaongeza lake: “Mimi namlaumu kwa jambo jingine. Kwa nini hakwenda polisi siku ile ile? Mtoto wa watu ana wazazi wanaomtafuta!” Na kweli wanamtafuta. Kwa hiyo usidhani Somu ni malaika. Anampenda, na kupenda kwake kuna uchoyo kidogo ndani yake. Lakini anajizuia. Hata mke wa mwalimu mkuu wake, mwanamama kijana aliyeolewa na mzee, anamtaka Somu waziwazi, na Somu anakataa.

Kuna sehemu Somu anamchezea Nehalata kama nyani. Anajikunja, anarukaruka, ili msichana acheke tu. Kibanda kizima kilicheka. Mimi sikucheka. Kuna kitu kilinipitia, sijui nikuelezeje. Ni kama pale unaposikia harufu ya chakula kwa jirani na kukumbuka nyumba fulani, lakini hukumbuki ni nyumba gani. Nikakaa sawa kwenye benchi.

Sasa funga kazi ni mwisho wake. Somu anasikia kuna mganga wa dawa za asili anayeweza kumponya Nehalata. Anampeleka mwenyewe, kwa mkono wake, na dawa inafanya kazi. Wakati huo huo baba yake msichana ameshapata habari na amekuja na polisi. Somu anaogopa, hajitokezi. Nehalata anazinduka akiwa mtu mzima kamili, anawatambua wazazi wake, anakumbuka ajali. Lakini siku zote alizokaa Ooty zimefutika. Hariprasad kafutika, na Somu naye kafutika.

Wazazi wanamchukua kwenda kupanda treni. Somu anatimua mbio, anaanguka, anaumia, anafika stesheni anachechemea, matope mwili mzima. Msichana amekaa dirishani. Somu anamwita, yeye anamtazama tu kama mtu anayetazama mti. Basi Somu anachukua sufuria, anaiweka kichwani, na kuanza kucheza kama nyani. Ule mchezo wao. Anajikunja, anaruka, anajibwaga chini mbele ya watu. Na Nehalata, yule aliyelelewa na mikono ile, anamdhania ni mwendawazimu anayeomba chakula.

Treni inaondoka. Picha limekwisha.

Kibandani kimya. Muuza dagaa anafuta macho kwa kanga. Bodaboda anajifanya anatafuta ufunguo wa pikipiki chini ya benchi. Mimi nilikuwa nalia kwa sauti, tena kilio cha msibani, na hawakujua kwa nini. Walidhani nimezimika na Sridevi.

Mpenzi msomaji, mimi silii kwa ajili ya Sridevi. Nililia kwa sababu ile sufuria naijua.

Nikurudishe nyuma. Nikiwa na umri wa miaka minne hivi, mwaka 2003, mama yangu alipata kazi ya kushinda nje kutwa, akaleta dada wa kazi kutoka kijijini. Tulimwita Dada. Alikuwa msichana mdogo tu, nadhani hakufika hata miaka kumi na saba. Mimi nilikuwa mtoto msumbufu wa kula. Ugali wa muhogo na dagaa ukiwekwa mezani mimi nafunga mdomo kama kufuli. Dada akagundua dawa. Alichukua sufuria tupu, akaivaa kichwani kama kofia, akainama, mkono mmoja unajikuna ubavu, akarukaruka jikoni akitoa mlio wa nyani. Nikifungua mdomo kucheka, tonge linaingia. Alinipa jina la utani, “Kidagaa.” Kila siku nyani, kila siku tonge, miaka mitatu mizima.

Mwaka 2006 nilipoanza darasa la kwanza, Dada akaondoka. Sikumbuki aliondokaje. Nakumbuka mfuko wa 'Rambo' mkononi mwake, basi. Watoto tunasahau haraka. Baada ya mwezi nilikuwa na marafiki shuleni, nikacheza mpira, nikakua. Nyani na sufuria yake vikatoka kichwani mwangu kama havikuwahi kuwepo.

Sasa njoo Desemba 2019. Nimemaliza kidato cha nne siku nyingi, kazi hakuna, nimepata mtu wa kunishika mkono Mwanza. Nimevaa shati jipya, nimejipulizia manukato ya kuazima, nimekaa dirishani kwenye basi pale stendi ya Bweri. Si unajua stendi zetu: karanga, maji, mahindi ya kuchoma, kila mtu anapaza sauti chini ya dirisha. Akaja mama mmoja na beseni la ndizi. Akasimama, akanitazama sana. Mimi nikaangalia simu.

“Kidagaa?” akaita.

Sikujibu. Dagaa Musoma ni biashara ya kila kona, nilijua anauza dagaa.

“We Kidagaa!”

Nikamtazama. Kanga imechakaa, miguu ina vumbi, meno ya mbele yamepungua. Sikumjua. Akashusha ndizi zake chini taratibu, akaligeuza beseni, akalivaa kichwani. Akainama. Mkono mmoja ukaanza kukuna ubavu. Akarukaruka pale pale kwenye matope ya stendi, watu wakimtazama, akitoa mlio wa nyani, na macho yake yote kwangu.

Kondakta akacheka mpaka akashika mlango. Abiria wakacheka. Mimi nikaona aibu, maana alikuwa mbele ya dirisha langu na watu walianza kuniangalia kama vile nina uhusiano naye. Nikaingiza mkono mfukoni, nikatoa sarafu ya mia tano, nikamrushia. Ikaanguka kwenye matope. Nikafunga kioo.

Basi likaondoka. Kabla ya Bunda nilikuwa nimeshasahau. Pale Lamadi nilinunua samaki wa kukaanga nikala kwa raha zangu.

Yaani nilimsahau mara mbili, msomaji. Mara ya kwanza nilikuwa mtoto, nasamehewa. Mara ya pili nilikuwa na ndevu.

Usiku ule nikatoka kibandani na mvua, nikaenda moja kwa moja nyumbani. Mama alikuwa anachambua mchele. Nikamuuliza, “Mama, yule Dada aliyekuwa ananilisha na sufuria kichwani, ule mchezo aliutoa wapi?”

Mama akacheka. “Si lile picha lao la Kihindi! Kwa jirani palikuwa na deki. Alikwenda kuangalia picha hilo hilo moja mpaka nikamgombeza. Akirudi macho mekundu. Nikimuuliza unalia nini, anasema, 'Mama, yule msichana kamsahau mwalimu.'”

Nikauliza, “Jina lake nani?”

Mama akaacha kuchambua. Akatazama ukutani muda mrefu. Akasema, “Tulimwita Dada.”

Miaka mitatu alilala chumba kimoja na mimi, na hapo ndani hakuna aliyekuwa na jina lake mdomoni. Mama alilipata siku mbili baadaye, akanipigia simu nikiwa kijiweni, sauti imemkauka. Ninalo. Sitaliandika hapa, maana ni lake, si la gazeti. Lakini ninalo.

Sasa tuje kwenye hoja, maana mhariri atasema nimeleta msiba kwenye ukurasa wa burudani.

Kwa nini Sadma haikupendwa? Wengi watakwambia ni huzuni nyingi. Mimi sikubali. Sisi watu wa Afrika Mashariki huzuni ya Kihindi tunaiweza. Picha la Kihindi bila kilio tunadai hela yetu! Kamal Haasan huyo huyo alicheza Ek Duuje Ke Liye mwaka 1981, wapendanao wote wawili wanakufa mwishoni, na lilivuma sana. Kwa hiyo si machozi.

Tatizo ni kwamba Sadma haina adui wa kumzomea mwishoni. Ukifa na mpenzi wako unabaki shujaa. Baba mkali akikuzuia kuoa, unamlaani baba. Lakini Somu amlaani nani? Nehalata hana kosa, alikuwa mgonjwa. Wazazi hawana kosa, wanamtaka mtoto wao. Mganga ndiye aliyemponya. Na Somu mwenyewe ndiye aliyempeleka kwa mganga. Alijua kabisa kwamba akipona huenda akaenda zake, na bado akampeleka. Mapenzi ya namna hiyo hayana harusi wala mia ya wapiga ngoma. Yana mtu mmoja tu amesimama kwenye stesheni na sufuria.

Halafu kuna jambo la pili, na hili ndilo lililonisuta. Tukiangalia mapicha ya mapenzi, kila mmoja wetu anajifanya stelingi. Kijana wa Kamunyonge akitoka kuangalia Sadma anasema, “Aisee, na mimi kuna demu nilimfanyia hivi na hivi, leo ananipita kama hanijui.” Wote tunakuwa Somu. Nimewasikia pale kibandani kwa masikio yangu, bodaboda na muuza dagaa, kila mtu na stori ya aliyemsahau. Sikusikia hata mmoja akisema, “Mimi ndiye niliyekuwa ndani ya treni.”

Lakini hebu piga hesabu, msomaji wangu. Kuna aliyekubeba mgongoni ukiwa na homa. Kuna aliyekufundisha kufunga kamba za viatu, shangazi aliyekulipia ada muhula mmoja, dada wa kazi aliyelala njaa ili ushibe. Wako wapi? Majina yao unayajua? Kama hujui, basi kiti chako ni kile cha dirishani, pembeni ya Nehalata, na mimi nimekaa nyuma yako. Tofauti ni kwamba yule msichana alikuwa na cheti cha daktari. Sisi hatuna.

Kwa hiyo nakusihi, litafute hilo picha. Usiliangalie na kundi la wapiga kelele. Hata kama hujui Kihindi usijali, mimi sikuelewa neno hata moja na nimekuhadithia lote. Tazama uso wa Sridevi pale dirishani. Alifariki Dubai, Februari 24, 2018, akiwa na miaka 54, na magazeti yalimsifia kwa Mr. India na Chandni, sawa, anastahili. Lakini mimi nikimkumbuka namuona pale kwenye treni, uso mkavu, hana chuki, hana dharau, hamjui tu. Kuigiza kulia ni rahisi. Jaribu kuigiza kutomjua mtu uliyekaa naye picha zima akikubembeleza, uone kama utaweza.

Na Dada je?

Nilikwenda Bweri. Nimekwenda mara nne sasa. Wauza ndizi wananijua, wananiita “mtoto wa nyani” na kucheka, maana niliwaonyesha ule mchezo ili wamkumbuke. Mmoja anasema kama anamfahamu, alikuwa akipanga huko Nyakato, ameondoka zamani. Mwingine anasema yule alikuwa mwingine, mfupi. Sina picha yake hata moja. Nina jina tu, na jina kama lake hapa Mara lina wenyewe wengi.

Ijumaa hii nitakwenda tena. Nimeazima sufuria ya mama, ile ile ya aluminiamu iliyobonyea ubavuni, anasema ni ya zamani zile. Nitasimama pale mabasi ya Mwanza yanapopakia, na nikimuona mama yeyote anayenitazama zaidi ya kawaida, nitaivaa. Watu wacheke wanavyotaka, na wenye sarafu warushe.